Kujitegemea Katika Sebule ya Mama



Muhula uliopita nilipokea insha yenye doa la mafuta ya kupikia kwenye ukurasa wa pili. Aliyeiandika ni binti wa kidato cha nne, mmoja wa wanafunzi wangu makini, ambaye kazi zake huwa safi daima. Nilipomwuliza, alijibu kwa upole, "Samahani, Mwalimu. Siku hizi nasomea jikoni. Meza ya sebuleni imekuwa ofisi ya kaka."

Kaka huyo pia nilimfundisha. Yeye na rafiki yake, wote wawili hawajafikisha miaka 25, wameanzisha kampuni changa nyumbani kwa mama, pembezoni mwa jiji la Kampala. Wanatengeneza programu ya simu inayowawezesha wenye maduka kuandika madeni ya wateja wao. Hawana mwekezaji wala mkopo wa benki. Walianza kwa akiba waliyoipata kwa vibarua vya kompyuta baada ya masomo. Nawapongeza kwa dhati. Katika jiji ambamo vijana wengi huzunguka na bahasha za vyeti wakiomba kazi, wao wameamua kuibuni.

Jumamosi moja nilikwenda kuwatembelea, nikajionea jinsi siku yao inavyokwenda. Hufanya kazi usiku, kwa kuwa bando la usiku ni nafuu na mtaa umetulia. Hulala alfajiri, wakati mama anapotoka kwenda kwenye kibanda chake sokoni. Saa nne asubuhi huamka, hunywa chai waliyoachiwa kwenye chupa, kisha mmoja hupanda bodaboda kuyazungukia maduka, na mwingine hubaki akirekebisha kasoro za programu. Jioni wateja hupiga simu mfululizo, na mara nyingi anayezipokea ni yule binti, akiwa bado na sare ya shule. Mita ya umeme, ile tunayoiita Yaka, ikianza kulia, mama ndiye anayenunua yuniti. Aliniambia kwamba shilingi 30,000 zilizokuwa zikimtosha mwezi mzima, sasa huisha kabla ya wiki mbili.

Baada ya wiki chache vijana hao walialikwa kuzungumza katika mkutano wa wajasiriamali chipukizi. Kaka alisimama, akasema kwa fahari, "Kampuni yetu inajitegemea. Hatujapokea hata senti moja ya mtu." Ukumbi ulipiga makofi. Mama yake, aliyeketi safu ya nyuma, alipiga makofi kuliko wote. Mimi nilikuwa kando yake, na mikono yangu ilikuwa mizito.

Tulichunguze neno lenyewe, maana ndiyo kazi yetu. Kitenzi ni tegemea. Tukikitia kiambishi -ji-, tunapata kujitegemea: anayetegemea na anayetegemewa ni mtu yule yule. Tukikipeleka katika kauli ya kutendana, tunapata kutegemeana: huyu anamtegemea yule, na yule anamtegemea huyu. Tofauti ni ya silabi moja tu, lakini katika nyumba ile ndiyo tofauti kati ya ukweli na majivuno. Kampuni ya kaka inategemea chumba cha mama, umeme wa mama, chai ya mama na saa za masomo za dada.

Wengine watanikumbusha kwamba kujitegemea ni neno lenye heshima katika historia ya Afrika Mashariki. Ni kweli. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule ziwe na mashamba ili wanafunzi wachangie gharama za maisha yao badala ya kuilemea jamii inayowasomesha. Basi kujitegemea huko hakukuwa kusema "sina ninayemdai wala anayenidai". Kulianza kwa kutambua kwamba kuna anayekubeba, kisha kushika jembe ili umpunguzie mzigo.

Nilimgusia mama jambo hili, naye akacheka. "Mwalimu, mtu humdai mwanawe kodi?" Nakubaliana naye. Nyumba si duka, na mzazi hampelekei mtoto ankara. Sisemi mama alipwe kesho. Nasema iandikwe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Inashangaza kwamba vijana wanaowauzia wenye maduka daftari la madeni hawana ukurasa hata mmoja wa deni lao wenyewe.

Ukurasa huo si wa adabu tu, ni wa biashara pia. Wanawatoza wenye maduka ada ndogo sana kila mwezi, na ada hiyo inawezekana kwa sababu chumba, umeme na mpokea simu havijahesabiwa. Siku watakapopanga ofisi na kuajiri mtu, bei hiyo haitaweza kuwalisha. Kampuni isiyojua gharama zake haiwezi kujua kama inapata faida au inakula nyumba polepole.

Serikali nayo ina la kujifunza hapa. Tangu Julai 2025, sheria inawaondolea kodi ya mapato kwa miaka 3 wananchi wa Uganda wanaoanzisha biashara mpya yenye mtaji usiozidi shilingi milioni 500. Ni hatua njema, lakini kodi ya mapato humsubiri mtu apate faida kwanza. Ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti, uliopo tangu Julai 2021, haumsubiri. Wala ule wa asilimia 0.5 anapotoa pesa kwa wakala wa simu. Hizo hulipwa tangu siku ya kwanza, na mara nyingi anayelipa ni mzazi anayenunua bando. Tukitaka kuwasaidia waanzilishi wadogo, tuanzie pale wanapoumia mapema.

Hata hivyo, sheria haitamrudishia binti yule meza yake. Hilo liko mikononi mwa kaka, nami nilimwambia hivyo ana kwa ana. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza mtihani wa dada yake ni lini. Hakuwa anajua. Sasa meza huachwa wazi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, na simu za wateja hupokelewa na wenye kampuni. Daftari bado hawajalifungua, nitaendelea kuwauliza.

Zoezi la wiki hii: Waulizeni watu wa nyumbani kwenu ni vitu gani wameviacha ili ninyi msome. Andikeni aya mbili, mkitumia vitenzi kujitegemea na kutegemeana kwa usahihi. Aliyeandikia jikoni asiogope doa la mafuta. Nitaisoma kazi yake kwanza.