Draya ikiandika 'd80', isomwe kwanza kabla ya kumlaumu dada

Masika yakianza, kamba ya nguo haina kazi tena. Nguo za mtoto mchanga, sare za shule na mataulo yote yanarundikana ndani. Nyumba yenye mashine ya kukaushia nguo, ile ambayo wengi huiita draya, hujiona imepona.

Hadi siku mashine inaposimama katikati ya kazi na kuandika kwenye kioo chake herufi ambazo hakuna mtu nyumbani anayezielewa: d80, AF, tE1.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mama anamuuliza dada wa kazi alibonyeza nini. Dada anaapa hakugusa kitu. Baba anazima ukutani, anawasha tena, herufi zinapotea na kila mtu anashukuru. Kesho yake zinarudi.

Mara nyingi hakuna aliyeharibu chochote. Alama ile ni mashine inaeleza kinachoisumbua, na kwenye draya, kinachosumbua mara nyingi ni hewa kukosa njia. Si jambo la kupuuza, kwa sababu kinachofanya nguo zisikauke ndicho hicho kinachoweza kuunguza nyumba.

Mashine inasema nini?

Draya hupasha hewa moto na kuipitisha kwenye nguo zinazozunguka. Hewa hiyo ikishabeba unyevu hutolewa nje kwa bomba, au hupozwa ndani ya mashine ili maji yadondoke kwenye tangi dogo.

Nguo zinapozunguka huachia nyuzinyuzi laini kama pamba. Nyingi hunaswa na chujio. Zinazoponyoka huganda kwenye bomba na pembe za mashine, kidogo kidogo, mpaka njia inakuwa nyembamba.

Kila kampuni ina lugha yake. Kwenye draya za LG zinazotoa hewa nje kwa bomba, d80 maana yake njia ya hewa imeziba kwa takriban asilimia 80. Ikiandika d90 au d95, hali ni mbaya zaidi. Whirlpool huandika AF kwa tatizo la hewa, na L2 pale umeme unaofika kwenye mashine ni mdogo au haufiki. Alama ya tE1 kwenye LG inahusu kipima joto, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kwa kuwa herufi hizo hizo zinaweza kuwa na maana nyingine kwenye mashine ya kampuni nyingine, hatua ya kwanza ni kupiga picha ya alama kwa simu kabla ya kuzima. Picha ya pili ni ya kibandiko chenye namba ya modeli, ambacho mara nyingi kiko kwenye fremu ya mlango. Kwa namba hiyo, kitabu cha maelekezo hupatikana mtandaoni hata kama kile cha dukani kilipotea siku ya kuhamia.

Kuchomoa plagi kwa dakika tano na kurudisha kunaruhusiwa mara moja. Umeme ukikatika ghafla, mashine inaweza kuchanganyikiwa na ikatulia kwa njia hiyo. Lakini alama ikirudi, si ya kunyamazishwa tena.

Mambo ya kukagua nyumbani

Kazi hii hufanyika plagi ikiwa imechomolewa na mashine imepoa.

Kwanza ni chujio. Linatakiwa kusafishwa kila baada ya mzigo mmoja wa nguo, si kila Jumamosi. Hata likionekana safi, mafuta ya dawa za kulainisha nguo huacha utando usioonekana. Kipimo chake ni rahisi: likishatolewa nyuzinyuzi, limwagiwe maji ya bomba. Maji yakituama juu yake badala ya kupita, chujio lioshwe kwa sabuni na brashi laini, likauke kabisa, ndipo lirudishwe.

Pili ni bomba la nyuma. Mashine ikisukumwa sana ukutani, bomba hujikunja na hewa inakwama. Bomba la plastiki au la karatasi laini ya fedha libadilishwe kwa la chuma, fupi na lisilo na kona nyingi. Kule nje linakotokea, kifuniko chake kifunguke vizuri hewa inapotoka. Ndege hupenda kujenga viota humo.

Tatu, kwa draya isiyo na bomba la nje, tangi la maji limwagwe kila baada ya matumizi. Nyingi zina kipoozeo kinachotolewa kwa chini na kuoshwa kwa maji ya bomba. Nyingine hujisafisha zenyewe, hivyo kitabu chake kitazamwe kabla ya kuvuta chochote.

Nne ni umeme. Draya hula umeme mwingi kwa sababu ya kupasha joto, hivyo haifai kuchomekwa kwenye ekstensheni pamoja na friji na pasi. Plagi ikiwa ya moto au soketi imegeuka rangi, mashine izimwe na soketi ikaguliwe kwanza. Kwa familia zilizoko Marekani na Kanada, draya nyingi za umeme hutumia volti 240 zinazopita kwenye sakiti breka mbili zilizounganishwa. Upande mmoja ukikatika, mashine inaweza kuzunguka bila kutoa joto, na mtu akadhani imekufa.

Tano, kama nguo zinatoka mbichi na mashine inadai imemaliza, ndani ya pipa kuna vipande viwili vya chuma vinavyopima unyevu. Vifutwe kwa kitambaa chenye siki kidogo, kisha vikaushwe.

Dalili huja kabla ya alama. Mataulo yaliyokuwa yakikauka kwa mzunguko mmoja sasa yanataka miwili. Chumba kinajaa joto na unyevu. Juu ya mashine kunaunguza mkono. Nyumba inayoziona dalili hizo mapema haifiki kwenye d80.

Hatari ya moto

Nyuzinyuzi za nguo hushika moto kirahisi kama pamba kavu, nazo zinakaa jirani na kipasha joto. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia masuala ya moto ilikadiria kuwa kati ya mwaka 2008 na 2010, draya zilisababisha moto majumbani mara 2,900 hivi kwa mwaka, zikiua watu 5 na kujeruhi 100. Sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafisha.

Ndiyo maana draya haiwashwi usiku watu wakienda kulala, wala mchana nyumba ikiachwa na watoto peke yao.

Kuna hatari nyingine isiyojulikana na wengi. Taulo lililofutia mafuta ya kupikia, ya kumkanda mtoto au ya taa halifai kuingia humo. Hata likifuliwa, mafuta hubaki kwenye nyuzi, na likitoka na joto likarundikwa kapuni linaweza kujipasha mpaka likawaka lenyewe. Vitambaa hivyo vianikwe juani. Dakika za mwisho ambazo mashine huzungusha nguo bila joto nazo zina kazi yake. Zisikatwe kwa haraka ya kuwahi sare.

Fundi akija

Njia ya hewa ikiwa safi na alama bado inarudi, au kuna harufu ya kuungua, huo ni wakati wa fundi. Mzazi akimwonyesha picha na kumweleza alichokwisha kukagua, anaokoa fedha ya uchunguzi na muda wa kubahatisha.

Jambo moja la kusimamia ni fyuzi ya joto. Kifaa hiki kidogo hukata umeme mashine inapopata moto kupita kiasi. Kikikatika, wapo mafundi wanaokiondoa na kuunganisha waya moja kwa moja ili mashine iwake siku hiyo hiyo. Itawaka kweli, lakini kinga ya nyumba imeondolewa. Fyuzi mpya iwekwe, na fundi aulizwe kwa nini ile ya zamani ilikatika. Mara nyingi jibu linarudi palepale, kwenye hewa.

Watoto na pipa la mashine

Alama nyingine huhusu mlango, na mara nyingi ni soksi iliyobanwa pembeni. Lakini mlango huo una jambo kubwa zaidi. Mtoto mdogo huliona pipa kama nyumba ya kujifichia, na akijifungia ndani anaweza kukosa hewa. Mlango ufungwe muda wote, kufuli ya watoto iwekwe kama ipo, na kabla ya kuwasha, mtu achungulie ndani.

Yote haya hayana maana kama yanajulikana na mtu mmoja. Anayetumia mashine kila siku mara nyingi ni dada, na mara nyingi ndiye ambaye hakuna aliyewahi kumwonyesha chujio liko wapi. Nusu saa ya kumwelekeza, pamoja na karatasi iliyobandikwa juu ya mashine ikisema "safisha chujio kila mara, ikiandika herufi piga picha, usiwashe tena", ina faida kuliko ugomvi wa nani kabonyeza nini.