Wanafunzi Wetu Wafike Bujora

Ndugu Mhariri,

Wanafunzi wetu wa Geita hukariri habari za Kilwa na Bagamoyo, lakini Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, hawajapaona. Makumbusho yale ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, yamehifadhi ngoma za watemi. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza mtemi ni mtu gani. Babu yake angelia!

Zamani tulisingizia foleni ya kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025. Sasa ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Kilichobaki ni nauli, na wazazi hawana. Migodi huchangia jamii kupitia halmashauri. Madawati tumeyapata, ahsante. Je, basi moja kwa muhula litashindikana?

Mwalimu wa Kijijini,
Geita.