TAHARIRI: Kabla ya kufunga sanduku kwenda chuo, fungua kwanza kitabu cha hesabu

Karatasi ya mwisho ya KCSE huisha Novemba. Vyuo vikuu vingi hufungua milango kwa wanafunzi wapya kuanzia mwishoni mwa Agosti. Hiyo ni miezi tisa, muda wa mimba kutungwa na mtoto kuzaliwa. Swali letu kwako, kijana unayesubiri kuripoti chuoni, ni moja tu: katika miezi hiyo yote, ni lini mara ya mwisho ulishika kalamu ukafanya hesabu?

Tunajua ulivyo. Siku ile ulipotoka kwenye chumba cha mtihani ulishusha pumzi ukasema, “Hesabu na mimi basi.” Wengine waligawa vitabu siku hiyo hiyo, wengine wakavifungia kwenye sanduku la bati. Tangu hapo umekuwa dukani kwa shangazi, umebeba abiria kwa boda, umekaa nyumbani ukila bando. Hatukulaumu kwa kupumzika. Lakini hesabu ni kama panga: usipolinoa linashika kutu, hata kama mwaka jana lilikuwa kali.

Na usidhani umeikwepa kwa sababu hukuchagua uhandisi. Mwanafunzi wa uuguzi atakutana nayo wadini. Daktari ameagiza mgonjwa apewe miligramu 200 za dawa ya maji, na chupa inasema kila mililita 5 zina miligramu 125. Utampa mililita ngapi? Ni 8. Ukikosea nukta ya desimali, umempa mgonjwa dozi mara kumi ya ile aliyostahili, na hapo hakuna cha kusema “samahani mwalimu”.

Anayekwenda chuo cha kiufundi kusomea ujenzi ataambiwa achanganye zege kwa uwiano wa 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto. Ukitia karai 3 za saruji, unahitaji 6 za mchanga na 12 za kokoto. Anayesomea umeme atatakiwa ajue kwamba birika la wati 2,400 kwenye umeme wa volti 240 linavuta ampia 10, ndipo achague waya unaofaa. Hapo hakuna muujiza wowote. Ni kugawanya tu, lakini lazima ujue kipi kinagawanywa kwa kipi.

Wewe wa biashara nawe sikiliza. Umenunua viatu Gikomba kwa Sh800, ukaongeza faida ya asilimia 25, ukaviuza Sh1,000. Mteja anakuja na maneno matamu, anaomba umpunguzie asilimia 25 hiyo hiyo. Unafikiri mtakuwa mmerudi pale pale? La. Asilimia 25 ya Sh1,000 ni Sh250. Utauza kwa Sh750, na utakuwa umepata hasara ya Sh50. Wapo watu wenye vyeti wanaokwama hapo.

Hata wa sayansi ya jamii, ualimu na uanahabari hawaponi, kwani takwimu zinawangoja. Chukua marafiki watano: wanne wanapata Sh10,000 kwa mwezi, wa tano anapata Sh110,000. Wastani wao ni Sh30,000, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayepokea pesa hizo. Asiyeelewa wastani unavyopatikana atadanganywa na kila mwanasiasa anayesimama jukwaani na tarakimu.

Shida kubwa si kwamba mambo haya ni magumu. Shida ni kwamba chuoni hakuna atakayekurudisha nyuma kuyafundisha. Mhadhiri anaingia kwenye ukumbi uliojaa watu, anaandika mlinganyo ubaoni, anasema “kutokana na hapo ni wazi kwamba...” na kuendelea. Wewe uliyesahau jinsi ya kutoa sehemu moja kwa nyingine unabaki ukinakili tu. Wiki ya tatu unaacha kuhudhuria. Mwisho wa muhula unaketia mtihani wa marudio, ule mnaouita “sup”. Nyumbani, mzazi aliyeuza ng’ombe kukulipia karo anaambiwa “mambo ni sawa”.

Anayeandika haya hasemi ya kusikia. Alikaa muhula mzima katika darasa la takwimu akiona haya kuuliza swali la kidato cha kwanza. Haya hiyo aliilipia kwa sup. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao hawakukosea.

Utatuambia simu ipo, na sasa hata akili unde ipo, kwa hivyo za nini jasho zote hizi? Ni kweli mashine hukokotoa haraka kuliko mtu. Lakini hujibu ulichouliza, si ulichokusudia kuuliza. Andika −3² kwenye kikokotoo cha kisayansi bila mabano, kitakupa −9. Weka mabano, (−3)², kitakupa 9. Asiyejua tofauti hiyo atanakili jibu lisilo lake akiwa na imani kamili. Na katika chumba cha mtihani simu huachwa mlangoni.

Basi ufanye nini? Anza kwa kujipima. Chukua karatasi, weka simu mbali, jibu haya matano bila kikokotoo:

1. Robo tatu toa theluthi mbili ni ngapi?
2. −7 − (−4) ni ngapi?
3. Asilimia 15 ya Sh2,400 ni pesa ngapi?
4. Ikiwa 5x − 8 = 2x + 13, x ni ngapi?
5. Mtu amekimbia kilomita 3.6 kwa dakika 12. Mwendo wake ni kilomita ngapi kwa saa?

Ukipata yote, hongera, lakini endelea kunoa. Ukikosa mawili au zaidi, usivunjike moyo. Umeujua ufa ulipo, na ni rahisi kuuziba sasa kuliko kujenga ukuta baadaye.

Huhitaji kulipia tuisheni. Omba vitabu vya kidato cha kwanza na cha pili kutoka kwa mdogo wako au jirani. Ndiyo, cha kwanza. Usiruke kwenda moja kwa moja kwa yale ya kidato cha nne, kwa sababu nyumba haiezekwi kabla ya msingi. Kisha jipe wiki sita. Wiki ya kwanza, namba hasi na utaratibu wa mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa. Ya pili, sehemu, desimali na asilimia. Ya tatu, uwiano na vipimo. Ya nne, aljebra: kufungua mabano na kuhamisha herufi katika fomula. Ya tano, milinganyo na grafu. Ya sita, takwimu na maswali ya karatasi za KCSE zilizopita.

Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Piga hesabu mwenyewe: dakika 30 mara 5 mara 6 ni dakika 900. Hizo ni sawa na mechi kumi za kandanda. Mechi kumi umeshatazama tangu mwezi uanze, tena ukibishana na refa asiyekusikia!

Fanya kazi kwa mkono, si kwa macho. Kutazama video ya mtu akikokotoa ni kama kumtazama mtu akila: wewe hushibi. Ukikosea, usifute. Andika kando kosa lilikuwa wapi, kisha rudia swali hilo baada ya siku tatu. Tafuteni wenzenu wawili watatu mnaosubiri pamoja mfanye kikundi. Anayemweleza mwenzake ndiye anayeelewa zaidi.

Nasi wengine tuna letu la kufanya. Hisabati huhesabiwa katika gredi ya jumla ya kila mtahiniwa wa KCSE, hata yule ambaye ni somo lake baya kuliko yote. Kama taifa limeamua kulipa uzito huo, basi vyuo navyo visiwaache vijana walioingia wakichechemea. Katika wiki ya kuwakaribisha wageni, mbali na hotuba na kuonyeshana maktaba, kuwe na jaribio fupi lisilo na adhabu na darasa la kurudia misingi kwa wanaolihitaji. Wazazi na walimu nao waache ule msemo wa “hesabu si ya kila mtu”, hasa wanapowaambia wasichana. Mtoto akiusikia mara nyingi huugeuza kuwa ruhusa ya kutojaribu.

Lakini usisubiri chuo, wala serikali, wala mzazi. Kitabu kiko kwenye sanduku la bati, na ufunguo unao wewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Majibu ya jaribio: 1) sehemu moja ya kumi na mbili, 1/12, 2) −3, 3) Sh360, 4) 7, 5) kilomita 18 kwa saa. Umepata mangapi? Jiambie ukweli, kisha uanze leo jioni.