Miji saba, siku kumi

Wiki hii shemeji alinionyesha ratiba yake ya Ulaya: Paris, Brussels, Amsterdam, Berlin, Prague, Vienna, Roma, yote kwa siku 10. Viza ya Schengen inafungua nchi 29, basi kuacha hata mji mmoja anaona hasara. Lakini mwonja vyungu vyote hutoka harusini na njaa. Ombi la viza hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Shemeji hajui ni ipi! Berlin hadi Prague pekee ni zaidi ya saa nne za treni, na magoti yake nayajua. Ratiba hiyo imepangiwa simu yake, si yeye. Nikamshauri achague Prague na Vienna, atembee polepole. "Na mnara wa Eiffel je?" akaniuliza.