Kutoka Saio hadi Kibati: nani anampa askari jina la shujaa?

Kila mkaaji wa Bukavu anaijua Kambi Saio. Wapo waliozaliwa humo, watoto wa askari, na wapo wanaopita mbele yake kila siku bila kujiuliza jina hilo lilitoka wapi. Saio si jina la mtu, wala la kijiji cha Kivu. Ni mji wa milimani magharibi mwa Ethiopia, unaoitwa leo Dembidolo. Huko, mwezi wa 7 mwaka 1941, jeshi la Italia liliweka silaha chini mbele ya Force Publique, jeshi ambalo askari wake walikuwa Wakongomani.

Jina la vita limebaki kwenye kambi. Majina ya waliopigana karibu yote yamepotea. Jambo hilo linastahili kuangaliwa leo, wakati neno shujaa linatamkwa kila siku mashariki mwa Congo: kwa askari wa FARDC, kwa Wazalendo, na hata kwa majenerali ambao raia hawajawahi kuwaona karibu na mstari wa mbele.

Walioshinda na kusahauliwa

Askari wa 1941 walivuka Sudan, wakaingia Abyssinia, wakateka Asosa mwezi wa 3, kisha Gambela. Mbele ya Saio walikaa miezi katika mvua, chakula kikiwa kidogo na magonjwa mengi. Siku ya kushinda, majenerali 9 wa Italia walikuwa miongoni mwa mateka, Pietro Gazzera akiwa mmoja wao. Wabelgiji, ambao nchi yao wenyewe ilikuwa chini ya Wajerumani, walijivunia sana ushindi huo.

Lakini wakati ule hapakuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye cheo cha ofisa. Aliyepigana Saio alirudi kwenye kambi ambamo fimbo ilikuwa bado adhabu ya kawaida, na hali ya vyeo haikubadilika mpaka uhuru ulipofika. Ndiyo sababu siku chache tu baada ya tarehe 30 Juni 1960 askari waliasi: waliambiwa kwamba kwao uhuru hautabadilisha kitu.

Albert Kunyuku alikuwa mmoja wa kizazi hicho. Alifika mpaka Birmanie, mbali sana na nyumbani. Kikosi cha Congo kilichotumwa huko kilikuwa hospitali ya uwanja wa vita: kazi yake ilikuwa kupokea majeruhi na kuwatibu, si kuteka miji. Tarehe 8 Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani jijini Kinshasa, mbele ya kumbukumbu ya wapiganaji wa zamani. Mzee alikuwa na miaka 100, naye alitajwa kuwa wa mwisho aliyebaki hai kati ya Wakongomani wa vita ile. Aliyemvisha ni mjukuu wa Leopold wa Tatu, mfalme wa wakati wa vita.

Picha zilizunguka dunia nzima, na zilikuwa nzuri. Hata hivyo, ni vigumu kuzitazama bila kufanya hesabu: tangu vita kwisha ilikuwa imepita miaka 77. Nishani haikumfanya Kunyuku kuwa shujaa siku ile. Kama alikuwa shujaa mwaka 2022, alikuwa shujaa pia katika miaka yote aliyoishi Kinshasa kama mzee wa kawaida, bila mfalme kumjua.

Jeshi lile lile, mwaka mmoja tu

Kwa watu wa Kivu ya Kaskazini, mfano ulio karibu zaidi ni Kanali Mamadou Ndala. Ili kuelewa kwa nini alipendwa vile, lazima kurudi nyuma kidogo, mpaka mwezi wa 11 mwaka 2012.

Goma ilianguka mikononi mwa M23 tarehe 20 Novemba 2012. Askari wa serikali walikimbia kuelekea Minova, na huko wakawageukia raia waliopaswa kuwalinda. Umoja wa Mataifa uliandika kesi za wanawake 102 na wasichana 33 waliotendewa ukatili wa kingono na askari wa FARDC ndani na kando ya Minova. Kesi ilipofanyika Goma, hukumu za mwezi wa 5 mwaka 2014 ziliwapata wawili tu na hatia ya ubakaji.

Kati ya wale askari walikuwemo bila shaka wenye miaka mingi ya vita, wenye makovu, waliopigana kwa ujasiri mahali pengine. Miaka ya utumishi wanayo. Je, mama wa Minova anaweza kuwaita mashujaa? Jibu halihitaji tume ya uchunguzi.

Miezi michache baadaye, Ndala aliongoza kikosi chake cha makomando kule Kanyarucinya na Kibati, kilomita chache tu kaskazini mwa Goma. Jeshi lilikuwa lile lile, na sare zilikuwa zile zile. Raia waliona kitu ambacho hawakuwa wamezoea: kamanda akiwa mbele pamoja na vijana wake, akisimama kuongea na watu barabarani. Mwezi wa 7 mwaka 2013, uvumi ulipoenea kwamba anaitwa Kinshasa, wakaaji wa Goma waliteremka barabarani kumdai abaki. Ni mara chache mji kuandamana ili askari asiondoke. Kwa kawaida watu huandamana ili waondolewe.

Ni kweli, Ndala hakushinda peke yake. Walikuwepo Jenerali Lucien Bahuma, mizinga, na brigedi ya MONUSCO yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Wapo wachambuzi wanaosema sifa zake zilipita kiasi. Pengine. Lakini wanaosema hivyo wanahesabu vilima vilivyotekwa, na wakaaji wa Goma walikuwa wanahesabu usiku waliolala bila kukimbia.

Tarehe 2 Januari 2014 aliuawa katika shambulio la kuvizia huko Ngadi, nje kidogo ya mji wa Beni. Mahakama ya kijeshi iliyokaa Beni ilimhukumu kifo luteni-kanali wa FARDC kwa mchango wake katika mauaji hayo, pamoja na watu wa ADF. Kwa hiyo, aliyeitwa shujaa na raia alisalitiwa kutoka ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kuadhibu ni rahisi

Serikali inajua vizuri kutambua woga. Tarehe 3 Mei 2024, mahakama ya kijeshi ya Goma iliwahukumu kifo wanajeshi 8, wakiwemo maofisa 5, kwa kumkimbia adui. Mwezi wa 7, baada ya Kanyabayonga kuanguka, wanajeshi 25 wengine walipewa hukumu hiyo katika eneo la Lubero. Mashtaka yalikuwa na majina, vyeo na tarehe.

Kwa upande wa pili, daftari ni jeupe. Jeshi hutangaza kwa nadra hesabu ya waliokufa vitani, sembuse majina yao. Askari wengi wazee wanabaki katika safu kwa sababu malipo ya kustaafu hayafiki, ijapokuwa sheria ya mwaka 2013 juu ya hali ya mwanajeshi inayazungumzia. Wajane wanang'ang'ania chumba cha kambi, maana wakitoka hapo hawana pengine pa kwenda. Kuongezwa mara mbili kwa mishahara, kulikotangazwa mwezi wa 3 mwaka 2025, kunamsaidia aliye hai na aliye kwenye orodha ya malipo. Hakumfikii aliyekwisha kuzikwa Sake au Kibumba.

Hali ya Wazalendo ni ngumu zaidi. Sheria ya mwezi wa 5 mwaka 2023 iliunda jeshi la akiba la ulinzi, lakini wengi wanapigana bila namba ya matrikule. Siku vita vitakapokwisha, nani ataweza kumtenganisha kijana aliyelinda kijiji chake na yule aliyeweka kizuizi barabarani ili kuwatoza akina mama wanaotoka shambani? Karatasi hazitasema kitu, kwa sababu hazipo. Wanaojua ni hao akina mama.

Kambi Saio nayo imebadilisha wakaaji. Katikati ya mwezi wa 2 mwaka 2025, M23 waliingia Bukavu, na askari wa serikali walikuwa wamekwisha kuondoka.