Waliowapokea Wageni Kilwa

Mwezi uliopita nilivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani. Maji ni ya karibu. Hujamaliza kutulia unaziona kuta za ngome iitwayo Gereza ufukweni. Mle mashuani kijana mmoja alimuuliza mwenzake mji ule ulijengwa na nani. "Waarabu," mwenzake akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo. Moyo uliniuma, maana mimi nimefundisha historia miaka mingi, na jibu hilohilo nimelitia vema kwenye madaftari ya watoto wa watu.

Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza kujengwa karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Nilikaa chini ya kuba zake hadi kivuli kikahama. Mawe yale ni matumbawe. Yaliyochongwa kwa urembo yalikatwa baharini yangali hai, maana wakati huo huwa laini, kisha yakaanikwa hewani yakawa magumu. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya magogo. Na ukiingia kwenye nyumba za mji utashangaa vyumba vilivyo virefu na vyembamba: upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Fundi aliyeijua bahari na mikoko kiasi hicho hakuwa ameshuka jahazini jana yake. Alikulia hapa, akihesabu maji kupwa na maji kujaa.

Hata majina yanahitaji kutazamwa upya. Husuni maana yake ngome, lakini mwanaakiolojia Neville Chittick alipoichimba Husuni Kubwa ya hapo kisiwani alikuta kasri: nyua, vyumba vingi, na hodhi la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Sisi tunaendelea kusema ngome.

Tarekhe ya Kilwa inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan alitoka Shirazi, Uajemi, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Nakipenda kisa hicho na sitaki kifutwe. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba kutoka makaburi ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania, ukaonyesha kwamba wanaume wa Kiajemi kweli walifika, yapata mwaka 1000, wakazaa na wanawake wa hapa. Basi masheha na masharifu wetu hawakudanganya waliposema babu alitoka ng'ambo. Ila tumemtaja babu tukamwacha bibi. Alikuwapo kabla ya jahazi, kwenye nyumba ya miti na udongo, kati ya wavuvi, wafinyanzi na wafua chuma. Ndiye aliyempikia mgeni, akamzalia, na lugha iliyobaki vinywani mwa watoto wao ni hii tunayoisema leo, yenye sarufi ya Kibantu. Ni lugha ya mama kwelikweli.

Ndugu zangu, nawaomba tumrudishe bibi huyu kwenye maelezo yetu. Ninyi vijana mnaotembeza wageni, mkifika msikitini anzeni na aliyepiga mbizi kukata jiwe, halafu ndipo mje kwa sultani. Walimu wenzangu, mwanafunzi akiandika "Waarabu", tusimkate wala tusimtie vema, tumuulize, "Na waliowapokea walikuwa akina nani?" Wazazi wa Kilwa, Pate, Mafia na Ngazija, na ninyi mliohamia Muscat au London, watoto wakiuliza sisi ni watu gani, watajieni pande zote mbili bila kuona haya kwa upande wowote. Na likizo ijayo, kabla ya kupiga picha kwenye magofu, kaeni na wazee wa kwenu mwandike wanachokijua: jina la kisima, la mwamba wa kuvulia, la bibi aliyemzaa bibi.

Mimi nimeanza kwetu. Nilimpigia simu mama yangu mzazi, nikampa shikamoo, nikamwomba anitajie wanawake wa ukoo wetu kwa kupanda juu. Alinitajia wanne bila kusita. Kwa wa tano alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, nipe hadi Ijumaa. Nitamuuliza shangazi yako, yeye ndiye aliyekuwa akikaa na wazee jikoni."