Rudi Alhamisi

Nairobi ina mtaa wa Kisumu Ndogo Kibera na mwingine Korogocho, na kina mama wa pande zote mbili si wageni wa jibu hili: "Mama, leo hatufungui chupa. Rudi Alhamisi." Anayeambiwa hivyo pengine ameacha kibarua cha kufua Lavington ili amlete mtoto. Alhamisi akikosa kuonekana, mimi simlaumu.

Toleo hili linahusu usafirishaji na utunzaji wa chanjo, mada ambayo kwa kawaida hujaa friji, malori na vipimajoto. Tumevipa nafasi yake. Chanjo nyingi za kliniki hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ile ya pepopunda ikiganda imeharibika. Ndiyo maana muuguzi akitoa vifuko vya barafu kwenye friza huviacha kwanza nje, kisha huvitikisa hadi asikie maji yakicheza ndani, ndipo avipange kwenye kikasha cha chanjo. Ujuzi huo tunao. Na kutoka ghala kuu la Kitengela hadi Kibera, hata foleni ya Mombasa Road iwe mbaya vipi, si safari ya Turkana.

Kinachotukwamisha ni ubahili. BCG, ile inayoacha kovu kwenye mkono wa kushoto, huja ikiwa unga, chupa moja dozi 20. Ikishachanganywa na maji yake ina saa 6 tu, kinachobaki hutupwa. Muuguzi aliye na mtoto mmoja kwenye benchi, na chupa chache za kumfikisha mwisho wa mwezi, atasubiri watoto waongezeke. Karatasi zake zitapendeza: dozi chache zimemwagwa. Mtoto aliyerudishwa nyumbani haitwi hasara.

Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ya chanjo ya surua ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Ushauri huo una bei, na bei yenyewe lazima iwekwe kwenye bajeti. Kumwambia muuguzi asiwe mchoyo huku stoo yake ni tupu ni kumkejeli. Katikati ya 2025 BCG na matone ya polio viliadimika kote nchini, wakati Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, bado unatuchangia. Msaada huo unatarajiwa kukoma mwishoni mwa muongo huu. Hazina ikizoea kuchelewesha fedha za chanjo, hakuna friji ya sola itakayotuokoa.

Tunaloitaka kaunti ifanye mwaka huu ni dogo. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa simu za kazi kuanzia 2023, na nyumba wanazozitembelea wanazijua. Kila asubuhi kliniki iwatumie ujumbe: chanjo ipi ipo, ipi imeisha. Na mama akishafika na mtoto wake, chupa ifunguliwe.